Nusu Kubwa, Nusu Ndogo

Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
Nafuta meza ya cherehani kwa kiganja,
naondoa nyuzi, vifungo, mabaki ya bitana,
natandaza kipande cha popelini nyeusi
ili kila chembe ionekane,
kisha natoa wembe mpya kwenye karatasi yake.
Mwantumu ananitazama, hasemi kitu.
Kidonge ni cha rangi ya waridi,
kidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto.
Leo ni kimoja na nusu. Kama jana, kama kesho.

Moyoni wamemtia mlango wa chuma.
Usiku, feni ikizimwa, nausikia:
ti, ti, ti,
sindano inayoshona kitambaa kisicho na mwisho.
Damu, alisema Sista Kijazi kule Bombo,
haipendani na chuma. Ikikikuta huganda,
na bonge likichomoka hupanda kichwani.
Kwa hiyo tunailegeza, ila si mno.
"Namba yake ikae kati ya mbili na nusu na tatu na nusu.
Chini ya hapo naogopa kiharusi.
Juu ya hapo naogopa damu isiyojua kusimama."
Nikamwambia, Sista, hicho ni kiuno cha suruali:
kikibana mtu hapumui,
kikipwaya kinamvua nguo sokoni.
Hakucheka. Akaandika tarehe ya kurudi.

Machi, namba ilikuwa moja nukta nane.
Wakaongeza nusu kidonge,
Jumatatu na Alhamisi tu.
Nusu! Mara mbili kwa wiki!
Ndiyo nini hiyo kwa mwanamke
aliyenizalia wanne, tukamzika mmoja?
Nikaongeza nusu zangu, kila usiku, kimyakimya,
kama fundi anayemwachia mteja
inchi ya ziada kwenye upindo.
Niliita hiyo huruma.

Siku tatu, nne, hapakuwa na lolote.
Nikajipongeza.
Sikujua kuwa dawa hii huitika kwa kuchelewa, kama mdeni.
Siku ya tisa mswaki ulitoka mwekundu.
Siku ya kumi na moja, alama ya buluu pajani,
pana kama kisahani cha chai,
na hakumbuki alipojigonga.
Usiku uliofuata pua ikafunguka:
kanga mbili, ndoo, bajaji, Bombo.
Namba: saba.

"Mzee Shekuwe, nani aliongeza?"
Hakuuliza kama yupo aliyeongeza.
Nikatazama viatu vyangu.
Mwantumu, vidole vikiwa vimebana pua, akasema,
"Ni mimi. Nilisahau, nikameza mara mbili."
Miaka thelathini na sita ya ndoa,
na huo ndio uongo wake wa kwanza ninaoujua.
Sikuweza kuuvaa. Ulinipwaya.
Nikasema: mimi.

Sista akanyamaza, akavua miwani.
"Dawa mara mbili," akasema, "si kupona mara mbili.
Mpaka hapa inamlinda. Ukipita hapa
ni ile ile inayomuua,
na mstari wenyewe hauonekani kwa macho,
ndiyo maana tunamchoma kidole."

Siku hizi hata mchicha una ratiba,
Jumatano na Jumamosi, bakuli lile lile,
maana majani nayo yana neno lao katika damu,
na wifi yangu akileta kisamvu cha ghafla
tunamshukuru, tunakigawa kwa majirani.
Namba imekaa tatu, miezi minne sasa.
Kuna michubuko midogo bado, mkononi,
anayoifunika kwa ushungi watu wakija.

Wembe unashuka.
Nusu hazilingani. Hazijawahi kulingana,
na mimi nimekata nguo tangu nina miaka kumi na tano.
Leo nampa kubwa.
Ndogo naifunga kwa kipande cha gazeti,
naandika juu yake, kwa chaki: kesho.

Kwenye popelini umebaki unga kidogo, wa waridi.
Kidole changu kinataka kuukusanya.
Naupuliza.