Ratili Thelathini na Moja

Sikuona hata fainali moja kwa macho yangu.
Nilikuwa kibandani, Purwokerto, nyuma ya soko la nguo,
na mashine aliyoniachia marehemu mume wangu,
navuta nyuzi, nakaza, nakata ncha kwa meno.
Lakini nani amjuaye Tirto Wibisana kunishinda?
Raketi zake nimezishika miaka kumi na tisa
kama mkunga ashikavyo tumbo.

Ratili kumi na nane.
Ana miaka tisa, raketi ya kuazima,
mpini umezungushiwa kipande cha batiki ya mamake.
Mama muuza tempe; noti zake zilinuka soya.
Uwanja ni sakafu ya kuanikia mpunga,
wavu ni kamba ya nguo, na nguo zikiwa bado juu yake.
Kinyoya kilibaki na manyoya saba kati ya kumi na sita,
kikiruka upande kama kuku mlevi,
na bado kilitua pale alipotaka.

Ratili ishirini na nne. Kambini, Jakarta.
Wakamfunga nira moja na Hengki.
Tirto nyuma, mrefu, mkono wa kushoto, radi.
Hengki mbele, ameinama chini ya wavu,
mtu ambaye kamera humpita kama nguzo ya umeme.
Kocha aliwapa maneno mawili tu ya kusemezana:
Changu.
Chako.
Ukifikiri, umechelewa.

Ratili thelathini na moja!
Hapo uzi haukazwi tena, unatishwa.
Ukiugusa kwa ukucha unalia.
Seoul, Kuala Lumpur, Copenhagen, tena Seoul.
Benki ikachora nyuso zao ukutani karibu na stesheni:
wa Tirto mzima, na meno yote;
wa Hengki, mlango ukatobolewa katikati ya sikio.
Watu waliingia na kutoka humo kuchukua mishahara.

Kisha Basel.
Seti ya tatu, ishirini kwa ishirini na moja.
Nilikuwa nasikiliza redio ya muuza bakso.
Kinyoya kikaja katikati, polepole, chepesi,
cha kupigwa na mtoto.
Hakuna aliyesema kitu.
Kila mmoja alimwachia mwenzake. Adabu iliwaponza.
Nikasikia kimya, halafu Wadeni wakipiga kelele,
na bakso wangu ukapoa.

Tangu hapo walishinda mataji sita bila kusalimiana.
Nilijua kwa mikoba: iliyozoea kuja pamoja
sasa ililetwa na pikipiki mbili, siku mbili.
Na kila mmoja, akiangalia pembeni, angeniuliza:
"Mwenzangu amekaza ngapi?"
Nikawaambia. Sikuwa na siri ya kuuza.

Ratili ishirini na tisa. Bega.
Nilipomtajia Hengki, alinyamaza kitambo,
akahesabu chenji yake mara mbili.
"Basi ya kwangu ongeza moja," akasema, akaondoka.

Ishirini na sita. Sindano ya daktari, barafu,
anavua shati kwa mkono mmoja.
Mechi ya mwisho: raundi ya kwanza, asubuhi,
ukumbi nusu mtupu, wanafagia viti.
Vijana wa miaka kumi na tisa waliwamaliza kwa dakika thelathini na moja.
Nililiona hilo gazetini, kwa herufi ndogo, chini ya bei za karafuu.

Jumatano alikuja na raketi ya zamani.
"Ratili ngapi?"
"Yoyote," alisema. Hajawahi kusema hivyo.
Akavuta droo yangu ya mikasi kutafuta kalamu,
akakikuta kinyoya alichokiokota Hengki kule Basel,
alichokiweka kwangu bila kueleza.
Kimeingia manjano, unyoya mmoja umevunjika.
Akakigeuza, akakigeuza.

"Cha nani hiki?"

Nikachelewa kujibu.