Mtende wa Arobaini na Saba

Fomu ya chuo ina kisanduku kimoja cha idara.
Niliandika: Uhandisi wa Kompyuta na Baiolojia,
herufi zikamwagika nje ya mstari,
karani wa Al-Khoud akanirudishia: chagua.
Wahandisi wananiita Bi Wadudu.
Wa baiolojia huniuliza kama naweza kutengeneza printa.

Nimezoea. Kwetu Samail
tunasalimiana kwa Kiarabu, tunagombana kwa Kiswahili,
na shangazi Zuwena akihesabu pesa
hurudi Kiswahili hata akiwa benki.

Kazi yangu ni kusikiliza mitende.
Fukusi mwekundu hutaga ndani ya shina,
buu huanguliwa gizani na kuanza kula,
na mti, huko juu, kijani kile kile,
unazaa tende za fardhi kama hakuna neno,
mpaka siku unapolala chini kwa upepo mdogo.

Ukipigilia msumari, ukaufunga kinasa sauti,
unamsikia. Tk. Tk-tk. Kimya. Tk.
Kama mtoto anayetafuna chipsi
nyuma ya pazia, mchana wa Ramadhani.

Nikaiandikia mashine sikio.
Mwezi wa kwanza ilisema jokofu la mama
lina mabuu, asilimia tisini na moja.
Mama akalifungua, akachungulia,
"Labda kwenye bamia."

Shofiqul ndiye aliyenionyesha miti.
Mwaka wa kumi na tatu huu anaikwea mitende ya ami yangu,
anaipogoa, anaichavusha, anaifungulia maji ya falaji
zamu yetu ikifika saa tisa ya usiku.
Huweka shavu kwenye gamba, akafumba macho.
"Huyu mgonjwa." Au hutikisa kichwa, akapita.
Kwenye wagonjwa alishika msumari mwenyewe,
akiubana kwa kiganja usitikisike.
Kwenye wazima nilishika mimi.

Miezi minane. Sauti elfu sita.
Mashine ikapata tisini na saba kwa mia,
msimamizi wangu akaninunulia chai ya karaki.

Kisha mtende wa arobaini na saba.
Shofiqul alisikiliza, akasema mzima.
Msumari aliushika kwa sababu tu
mimi nilikuwa napokea simu.
Mashine: mgonjwa. Tisini na tisa.
Ami akaiamini mashine. Imesoma, alisema.
Wakaukata.

Ndani ulikuwa mweupe, mkavu pa kukauka, mbichi pa ubichi,
hata tundu la sindano hamna.
Shofiqul akachonga kipande cha kilele, akanipa.
Kilikuwa kitamu. Nilikimeza kwa tabu.

Usiku ule nilizifumua sauti zote upya.
Nikaondoa upepo, nikaondoa njiwa, nikaondoa hata buu,
kikabaki kitu kimoja, chembamba,
mara moja kila sekunde,
katika kila mti mgonjwa.
Buu hali hivyo. Buu hula, huchoka, hujigeuza, hula.
Hii ilikuwa saa.
Saa ya mkononi ya Shofiqul.

Mashine yangu haikujifunza fukusi.
Ilijifunza Shofiqul.

Nilimweleza kwa Kiarabu chetu cha shambani,
kile kisicho na vitenzi,
nikionyesha mkono, shina, kompyuta, kisiki.
Alikitazama kisiki muda mrefu.
Kisha akavua saa, akaniwekea kiganjani.
Mishale ilikuwa mbele kwa saa mbili.
Nikasema, mbovu hii.
"Ya Sylhet," alisema. "Huko wameshakula."

Imo mfukoni mwangu sasa, mbali na shina.
Tumeanza tena na mtende wa kwanza.
Katika jedwali nimeongeza safu: aliyesikia.
Shavu lake upande ule, langu upande huu,
gamba linanichoma, jua limeshapanda.

Tk, anasema.
Mimi sijasikia bado.