Raketi ya Saba

Dukani kwa Radovan, mjini Brno, theluji mlangoni,
Drahomíra anajaribu raketi ya sita.
Anaifumbata, anaipunga hewani, fyuu,
anairudisha kwenye msumari wake.

"Hiyo ina nguvu," Radovan anasema.
"Ukiugusa tu mpira, unapaa."
"Upae uende wapi?"

Miaka thelathini hajamshinda mtu kwa kombora.
Huwachosha.
Hurudisha, hurudisha,
mpira wa chini, mfu, wenye kisirani,
hadi mwenzake apandwe na hasira
aupeleke mwenyewe wavuni.

Ile ya zamani ilikuwa nzito kama deni;
bega ndilo lililolipa.
Daktari kasema: nyepesi.
Binti kasema: acha.

Ya saba. Kichwa kidogo,
uzito wote umekaa mkononi,
na shingo yake inanepa, kidogo tu.
Anafumba macho, anagonga nyuzi kwa kucha,
anasikiliza
kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Nyuzi nitilie laini. Laini kuliko hizi."
Radovan anaandika, anaguna:
"Hiyo haimuui mtu."

"Muulize Květa," anajibu, akihesabu noti,
"Jumamosi jioni,
akishapata pumzi ya kusema."