Njoo Alhamisi

Jumatatu daktari aliitazama karatasi,
akaigeuza, akaitazama mgongo,
akasema: Njooni Alhamisi.
Elinami akavaa kofia yake. Mimi nikasema asante,
kama mtu aliyepewa kitu.
Tukashuka kwa miguu chini ya mijakaranda ya Shanty Town.
Aliniuliza kama chumvi ipo nyumbani.
Nikasema ipo.

Jumanne niko mezani, ghala la kahawa,
wanawake arobaini na rundo la buni mbele yetu.
Nyeusi, toa.
Iliyotobolewa na mdudu, toa.
Nzima, acha ipite.
Wanasema inakuja mashine yenye jicho la taa,
itamaliza kwa dakika kazi yetu ya kutwa.
Anasema Mama Ndeanka, anasema msimamizi,
anasema hata muuza chai, ambaye hajui lolote.

Na akili yangu, Bwana, ni mbuzi.
Namfunga alfajiri, namwekea majani ya mgomba,
saa mbili hayupo:
ameshavuka mfongo, yumo kwenye maharage ya watu,
anatafuna Alhamisi,
anatafuna ada ya mtoto, kodi, bei ya mbao za jeneza.
Namfuata. Namvuta kwa kamba. Analia.
Sina kigingi kingine ila sifa,
nacho nakigongomea palepale,
katika udongo uleule uliolegea jana:

Usifiwe kwa punje hii.
Usifiwe kwa hii.
Hii ina tundu, lakini usifiwe, nimeiona mapema.
Usifiwe kwa vidole, vinavyoijua kazi kuliko mimi.
Usifiwe kwa uji alioumeza Elinami leo, nusu kikombe,
na ile nusu nyingine, usifiwe,
kaimaliza paka.

Mama aliniita Aikaruwa.
Nilizaliwa mwaka wa chulebuni,
matunda yakikauka meusi mtini,
baba akiuza ng'ombe wa mwisho wa maziwa.
Shuleni nililionea haya jina langu. Siku moja nikamwuliza:
asante, Ruwa, asante ya nini mwaka ule?
Akasema: Aliyeshiba hushukuru chakula.
Mimi nilitaka kumshukuru Yeye.
Kisha akanituma kuni.

Wiki ya pili sasa Kibo haionekani.
Wingu limekaa juu ya Kibosho kama mgeni asiyejua kuaga.
Sokoni Mbuyuni mzungu mmoja alimwuliza muuza ndizi
mlima uko wapi,
naye akamwonyesha kwa kidevu,
bila kugeuka, mikono ikiendelea kuhesabu chenji.
Nimekuwa nikikiwaza kidevu kile.
Na mfongoni maji yanakuja,
ya baridi, yanauma meno,
wala hayakungoja wingu lifunguke.

Lakini zipo saa sifa haipandi.
Leo, Jumatano, nimesema Usifiwe mara kumi na moja
na kumi kati ya hizo zilikuwa hasira.
Moja niliisema kwa sauti, wenzangu wakanyamaza,
Mama Ndeanka akanisogezea kiti chake bila neno.
Nimezileta hivyohivyo, zote, na vumbi lake.
Zichambue Wewe,
Wewe mwenye jicho la taa.
Nyeusi, toa. Iliyotobolewa, toa.
Ikibaki moja nzima, acha ipite.

Saa tisa usiku. Elinami kalala kwa ubavu,
kifua kinapanda, kinashuka,
nahesabu, napoteza hesabu, naanza upya.
Kofia yake nimeipiga brashi, iko msumarini.
Mbuzi amerudi mwenyewe, anatafuna majani yake,
kamba imelegea, sijui kwa muda gani.
Sijui la kesho. Sikuambii kwamba siogopi.

Jogoo wa jirani amekosea saa tena.
Usifiwe kwa huyo pia.