Kuchambua

Vyuo viwili vimenikubali
na mwezi wa tisa umebakisha siku nne.
Niko jamvini, Mtambwe, na mama, na Asya, na mke wa Faki,
gunia limemwagwa katikati yetu, kijani na wekundu,
na vidole vinaijua kazi bila kuulizwa:
karafuu huku, makonyo kule.

Simu iko mapajani, kioo kina mafuta ya karafuu.
Ujumbe umekuja mara mbili, maneno yale yale:
Hongera, umechaguliwa.
Shahada ya Historia, miaka mitatu.
Kimoja kiko Unguja, usiku mmoja wa meli.
Kimoja kiko bara, usiku huo huo
na saa mbili nyingine juu yake.
Thibitisha kimoja, wasema, kwa tarakimu hizi sita,
kabla ya Jumamosi saa sita usiku.

Nimeitafuta tofauti
kama mama atafutavyo chawa kichwani mwa Asya,
fungu kwa fungu, kwa kitana na taa.
Mwaka wa kwanza, Utangulizi wa Historia: kote.
Mwaka wa pili, Mbinu za Utafiti: kote,
na kote wameandika "utafti", i imewaanguka njiani.
Nani kamnakili nani?
Huo nao ungekuwa utafiti.
Ada zinapishana elfu thelathini.
Na picha: wasichana watatu, kitabu kimoja,
wote wanacheka.
Sijui wamesoma ukurasa gani.

Faki kasimama mlangoni, mswaki kinywani:
"Nenda bara. Jina la kule linasikika kazini."
"Kazi gani?" mkewe kauliza, kichwa hakuinua.
"Ya historia," kasema Faki,
akenda zake kusukutua.

Mama ana hesabu yake:
"Unguja yuko shangazi yako Bimize, Kwerekwe.
Utalala bure, utakula bure."
"Utaosha na masufuria bure," kamalizia Asya.
Tukacheka. Mama hakucheka,
maana yeye aliwahi kukaa kwa Bimize.

Jambo moja sijawaambia.
Adhuhuri nilipanda mpaka penye mnara nikapiga simu kote.
Kule kwa kwanza ililia hata ikachoka.
Kule kwa pili kapokea mzee mmoja, nyuma yake kuku wanalia.
"Ofisi imefungwa, mwanangu, mimi mlinzi tu.
Wewe unakuja kusoma nini?"
Historia.
"Ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitapiga kesho
na nikakata, kama mtu aliyedaiwa.

Sasa nalitazama daftari la mama, limelala karibu na pishi,
jalada limekatika, karatasi zina rangi ya chai.
Time binti Shaame, pishi tano. Sukari nusu, hajalipa.
Kombo wa Hamad, pishi nane. Kaanguka mkarafuuni, kalipwa tisa.
Salhiya, pishi mbili. Mjamzito.
Miaka kumi na minne ya mwandiko ule ule ulioinama,
na kila mwisho wa msimu mama huutolea moto
uanzishie jiko.
Hili kalisahau tu.

Wamenifundisha skuli kwamba kuchambua
ni kutenga hiki na kile, kisha kusema kwa nini.
Lakini hiki kichala nilichokishika
kina karafuu mbili, zimetoka kikonyo kimoja,
na zote mbili zinakwenda fungu moja.
Hakuna kwa nini.
Kilichobaki ni nani kauliza.

Nikaandika tarakimu sita.
Simu ikauliza, una uhakika?
Dole gumba limejaa utomvu, kioo kikalikataa.
Nikalifuta kwenye kanga ya mama, nikabonyeza tena.

"Ushachagua?" kasema Asya. "Kipi?"
"Cha mlinzi."
Wakatazamana.
Mama akalivuta daftari, akatafuta kalamu chini ya jamvi,
akafungua ukurasa mweupe, akaandika jina langu
palipo pa wachumaji.
"Haya," kasema. "Niuze kilo ngapi?"