Sikio la Kuazima

Ghorofa ya nne, Kutaisi, lifti mbovu tangu Februari.
Nimebeba sanduku la vyuma, mjukuu wangu Tsira kabeba tochi.
Bibi Lamara anatufungulia na lalamiko mdomoni:
"Gaiozi, televisheni hii inagonga.
Naizima saa tano, najilaza,
nayo inaanza: ta. Kimya. Ta, ta.
Kama mtu anayetafuta funguo mfukoni."

Sauti zao nazijua kabla ya bisibisi.
Ile dum ya kuwasha, inayotikisa picha kidogo,
ni koili inafuta usumaku kwenye kioo. Iache.
Mvumo mzito, usiopanda wala kushuka:
kapasita imezeeka, imevimba utosi kama mkate.
Mtatariko siku za mvua:
unyevu na vumbi, umeme unatafuta njia ya mkato;
zima taa za chumba utauona, uzi wa buluu,
ingawa pua itakuwa imeshajua.
Na hii ta, ta ya usiku
ni plastiki tu. Imeshinda na joto,
sasa inapoa, inajikunyata, viungo vinalia
kama vyangu nikivua viatu.

Namweleza. Haridhiki.
Marehemu Vakhtangi alikuwa na tabia ya kupapasa funguo.
Sibishani. Nafungua skrubu sita, ya saba haipo,
naiwasha ikiwa uchi,
na Tsira anaziba masikio.

"Babu, huusikii?"
"Nini?"
"Mluzi. Mwembamba, kama sindano."
Namtazama Lamara, Lamara ananitazama.
Sisi wawili tuna miaka mia moja arobaini na tatu,
na chumba chetu ni kimya kabisa.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Langu halijafa, limestaafu;
sauti za juu zilihama moja moja bila kuaga,
nyenje kwanza, kisha kengele ya baiskeli,
na sikujua kwamba zimeondoka,
kwa kuwa aliyeondoka hivyo haachi hata mlango wazi.

Naazima mwiko mkavu wa jikoni,
nabonyeza kiini cha transfoma.
"Bado."
Juu kidogo. "Bado."
Pembeni, pale gundi ilipopasuka.
"Umekatika!"
Naachia. "Umerudi."
Miaka arobaini ya ufundi, sijawahi kushika kipimo
kikali hivi, tena chenye mapengo mawili mbele.

Naizima. Nasubiri, natoa umeme uliojificha kwenye kioo,
maana televisheni iliyozimwa bado inauma.
Matone matatu ya vanishi kwenye ufa.
Tunakula lozi za Lamara hadi ikauke.
Nawasha. Tsira anasikiliza, mdomo wazi.
"Hamna kitu."
Kwangu ni kimya kile kile cha mwanzo,
ila hiki naandikia risiti, lari kumi na tano.

Ndipo Bombora, mbwa aliyehamia jikoni mwaka mzima
(Lamara alidhani ni msiba),
akaingia, akazunguka zulia mara mbili,
akajitupa mbele ya kioo na kushusha pumzi.
Hatukusema neno, hata Tsira.

Mlangoni namkumbusha:
"Saa tano itagonga tena. Ni plastiki ile."
"Najua ni plastiki," anasema Lamara.
"Hiyo usiiguse."