A54.41

Sijawahi kumwona. Kwangu yeye ni namba ya jalada,
mwanamume, miaka thelathini na minane,
mchomelea vyuma katika karakana ya mabehewa.
Saa tisa usiku. Duluth imelala chini ya theluji ya jana,
kipasha joto kinakohoa,
paka wangu kaikalia miongozo ya bima.

Daktari kaandika: *maumivu ya mgongo, sehemu ya chini.*
Basi. Nukta.
Kana kwamba mgongo ni mlango unaolia kwa kukosa mafuta.

Lakini mimi ni msomaji; kusoma ndiko kunakonilisha.
Nasoma homa, usiku wa nne mfululizo.
Nasoma muuguzi wa zamu, aliyeandika bila kuulizwa
kwamba mgonjwa alilala ameketi, paji la uso mezani,
karibu na sahani ya viazi asivyovigusa.
Nasoma picha ya sumaku: pingili ya tatu na ya nne,
na kati yake weupe pasipostahili weupe.
Nasoma maabara. Sindano iliingia, ikatoka na tone la usaha,
na siku ya tatu, kwenye kisahani,
vikaota vijidudu vinavyokaa viwili viwili
kama maharage yaliyotazamana.

Kisonono.
Kimeuacha mlango wa chini, ambako watu wamezoea kukitafuta,
kikafuata damu, kikapanga chumba mfupani.

Namba yake naijua. Iko kwenye ncha ya kidole.
Na siruhusiwi kuiandika.

Ndiyo sheria yetu, sisi wa kalamu ya mwisho:
mtia namba haagui.
Picha haitamki ugonjwa, maabara haitamki ugonjwa;
hutamka daktari, kwa maneno yake, kwa saini yake,
na kisichoandikwa hakikutendeka.

Wala siwezi kumwuliza, "Si kisonono hiki?"
Huko ni kumtia mtu maneno kinywani.
Nauliza kama ashikaye yai:
*Dkt. Xiong, kuna homa, kuna picha,
kuna majibu ya maabara ya tarehe kumi na moja.
Kwa uamuzi wako wa kitabibu, tafadhali eleza
chanzo cha maumivu haya, kama kinajulikana.*
Nikafuta *kama kinajulikana*.
Nikairudisha.

Cheti cha baba yangu, Arvid Tollefsen, mpakiaji wa madini,
kilisema: moyo ulisimama.
Moyo wa nani hausimami?
Miaka thelathini ya vumbi jekundu, na hakuna aliyeuliza swali la pili.
Pengine ndiyo maana nikajifunza kazi hii. Pengine ni mshahara tu.

Nawaza bahasha itakayofika kwa mchomelea vyuma,
na mkono, si wake, utakaoifungua jikoni.
Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sawa.
Na mfichua maradhi, nani humsitiri?
Ningeweza kuyaacha maumivu yabaki maumivu.
Dawa angepewa, au asingepewa ya kutosha,
na mwaka kesho daktari mwingine, mji mwingine,
angeanza upya kumwuliza kama aliinua kitu kizito.

Saa kumi na dakika hamsini, jibu:
*Ugonjwa wa pingili za uti wa mgongo,
uliosababishwa na kisonono kilichosambaa. Dawa ya mshipa, wiki sita.
Samahani, ilikuwa saa yangu ya ishirini na mbili kazini.*

Naandika. A, hamsini na nne, nukta, nne,
kisha kidole kinasita juu ya tarakimu ya mwisho.
Sifuri ingesema: mahali fulani, mifupani au viungoni, hapajabainishwa.
Moja inasema: hapa. Mgongo wake huu.
Moja.

Samahani ya daktari haina namba. Nimeitafuta.

Nainuka, na kiuno changu kinalia kama mlango.
Paka hajasogea.
Jalada linalofuata: mwanamke, sabini na mmoja, *kizunguzungu.*